Daftari la Majani la Mama Pacha

Kwa miaka kumi na tisa, kila ilipokaribia saa kumi jioni, fundi wa sare za shule alikuwa akiunyoosha mguu wake wa kulia, ule unaokanyaga cherehani, kisha anakisogeza kigoda cha pili karibu na ukuta wa kibaraza. Hakuwa na haja ya kutazama saa. Mama Pacha, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa akitoka kazini kwenye shule ya msingi, alikofagia madarasa na kupiga deki, anapitiliza moja kwa moja kibarazani bila hata kuingia kwake kuvua viatu. Anakaa, anavuta kopo la vifungo, anatunga sindano huku amefumba jicho moja, na mdomo unaanza kazi kabla ya mkono.

Walikuwa wakizungumza nini? Ungewauliza wasingekumbuka. Mwalimu mkuu kavaa soksi mbili zisizofanana. Jirani wa nyuma kaleta jogoo asiyejua asubuhi wala mchana. Pacha wa kwanza, ambaye siku hizi ana mji wake na watoto wake, kapiga simu kuuliza dawa ya mafua, na pacha wa pili kapiga dakika tano baadaye kuuliza mwenzake kaambiwa nini. Fundi alikuwa anacheka mpaka anashona pindo juu ya pindo, anafumua, anaanza upya.

Tena palikuwa na jambo ambalo Fundi hakumwambia mtu. Mama Pacha aliacha shule akiwa darasa la tatu. Herufi alizijua, ila kuziunganisha kulimtoa jasho. Kwa hiyo kila karatasi iliyoingia nyumbani kwake, iwe ya hospitali, iwe tangazo la kukatika kwa maji, ilifika kwanza kibarazani. "Nisomee, mwenzangu." Fundi alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya gauni, anakohoa kidogo, halafu anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Dakika zile alizipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ndipo akaja yule mwalimu wa sayansi.

Alihamishiwa pale shuleni akiwa amebakiza miaka miwili astaafu: mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye kofia pana na mkoba wa turubai ambao haukumtoka begani. Alianzisha kitalu cha miche nyuma ya madarasa, na kwa kuwa ufunguo wa bomba ulikuwa kwa Mama Pacha, akamwomba amsaidie kumwagilia. Hilo tu. Wiki ya kwanza Mama Pacha alifika kibarazani saa kumi na robo. Wiki ya pili, saa kumi na nusu. Siku moja alifika jua limeshakuwa jekundu, kucha zimejaa udongo, akakaa na kusema kwa furaha, "Mwenzangu, ulikuwa unajua kwamba jani lina mishipa kama mkono wa mtu?"

"Hata kabichi ina mishipa," Fundi akajibu bila kuinua macho.

Mama Pacha akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Baada ya kitalu zikaja Jumamosi. Mama Pacha na Mwalimu walianza kwenda bondeni, kule mto unakopita nyuma ya mtambo wa maji, wakirudi mchana na matope mpaka magotini. Shule ilikuwa inatupa rejista za zamani za mahudhurio. Mwalimu akaokota moja yenye kurasa nyingi tupu, akampa Mama Pacha awe anabandika majani: ukurasa mmoja, jani moja, na chini yake aandike mwenyewe, kwa mkono wake, jina la mti na mahali walipoukuta. Zilipofika kurasa kumi, Mama Pacha alikuwa anaandika sentensi nzima. Kusoma nako kukaingia kwa mlango huo huo, bila kupigiwa hodi.

Siku Fundi alipolijua hilo, alilijua kwa kuliona. Lilikuwa limeletwa tangazo la maji, mlango kwa mlango. Fundi alimwona Mama Pacha amesimama kizingitini kwake, kidole kinatembea juu ya karatasi, midomo inacheza. Akamaliza. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaingia ndani kujaza ndoo.

Fundi alikuwa ameshafuta miwani.

Tangu hapo wivu ukapanga chumba kifuani mwake na kuhamia na vyombo vyote. Alikuwa anauonea wivu ule mkoba wa turubai. Alikuwa anayaonea wivu matope. Mama Pacha alipokuja, na bado alikuwa anakuja, siku tatu au nne kwa wiki, Fundi alimsikiliza kama mtu anayehesabu: "Mwalimu" limetajwa mara ngapi leo? Siku moja lilifika kumi na saba kabla hawajamaliza mashati sita. Mama Pacha alikuwa amependeza, hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Alikuwa anaweza kunyamaza katikati ya maneno, akatazama mti wa barabarani ambao umekuwa pale tangu enzi na enzi, na kutabasamu peke yake, kana kwamba mti umemwambia kitu na Fundi hakualikwa kusikia.

Si kwamba hakualikwa. "Twende Jumamosi, mwenzangu," Mama Pacha alimwambia si mara moja. "Utapenda. Kuna mahali tunakaa tu juu ya mawe, hatufanyi kitu, na moyo unatulia."

"Nina sare arobaini hapa. Wa kukaa juu ya mawe ni nyinyi mliokosa viti."

Na kila Jumamosi aliyokataa, aliketi mashineni akinuna kama mtu aliyeachwa.

Mumewe, fundi bomba mwenye maneno machache na macho makali, alimtazama wiki kadhaa bila kusema. Mwishoni, wakiwa mezani, akaweka kijiko chini. "Mke wangu, katika maisha yangu nimeona watu wakionea wivu nyumba, gari, hata meno ya wenzao. Lakini mtu kuonea wivu jani, ndiyo kwanza naona."

"Nani anaona wivu?"

"Mimi hapa," akasema mumewe, akaendelea kula.

Hapo ndipo Mama Pacha alipofanya jambo la kirafiki lililoharibu kila kitu. Alilileta daftari kibarazani, amelikumbatia kwa mikono miwili. Jalada lilikuwa limeanza kuachia. "Nishonee gamba la kitambaa, kama mfuko hivi, na mkanda wa kufungia. Sitaki fundi mwingine aliguse." Akaliacha Jumatano jioni, akaenda zake.

Fundi alilipima kwa futi, urefu na upana na unene. Kisha akalifungua. Alijiambia anataka kujua kama kurasa zimeshikana vizuri.

Kwa haki, lilikuwa zuri. Majani yalikuwa yamekauka bila kupoteza umbo, mengine ya kahawia, mengine bado yana ukijani wa mbali, na chini yake mwandiko mkubwa uliopanda na kushuka kama pindo lililoshonwa na mwanafunzi. *Huu tumeukuta kwenye jiwe jeupe. Mwalimu aliteleza tukacheka.* *Jani hili linanuka dawa. Mwalimu kasema hajui linatibu nini.* *Leo hatukupata jani. Tulikaa tu. Ndege mdogo wa kijivu alikunywa maji karibu yetu.* Fundi alisoma ukurasa baada ya ukurasa, haraka kuliko alivyotaka. Alikuwa anajitafuta. Alifika mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha kidole mstari kwa mstari, kama Mama Pacha alivyofanya na lile tangazo. Hakuwamo. Miaka kumi na tisa, vifungo visivyo na idadi, na hata kwa bahati mbaya hakutajwa.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ulikuwa wa arobaini na moja. Jani la huo ukurasa halikuwa na jina, palikuwa na alama ya kuuliza tu, kubwa, imekolezwa mara mbili. Fundi alikijua kisa chake, maana alikisikia mpaka akakichoka. Baada ya mvua kubwa mto ulileta tawi kutoka juu huko. Mwalimu hakuutambua mti wake, vitabu vyake navyo havikumsaidia, na kwa miezi miwili wawili hao walikuwa wakiutafuta kando ya mto bila kuupata. Tawi lenyewe lilishaoza. Lililobaki ni jani hilo moja. Fundi alilitazama kwa jicho la kazi yake: ukingo una meno kama ya ule mkasi wa kukatia vitambaa visitoke nyuzi, ila hayalingani, mawili madogo, moja kubwa, mawili madogo, moja kubwa. Akalibandua. Akafumba kiganja. Lilitoa sauti ndogo sana.

Alipofumbua lilikuwa unga.

Akaupuliza nje ya kibaraza, kisha akakaa mashineni akashona gamba ambalo mfano wake haujapata kutoka mikononi mwake: kitambaa kizito cha buluu, kona zimeimarishwa, mkanda una kifungo na tundu lililodarizwa kwa mkono. Mshono ulienda sawa.

Mama Pacha alipoliona alipiga vigelegele, akalisugua gamba shavuni. "Mwenzangu, wewe si mtu wa kawaida!" Akafungua aone linavyokunjuka. Alipofika ukurasa wa arobaini na moja, mkono ukasimama. Akapapasa doa la gundi. Akatikisa daftari. Akainama akatazama sakafuni.

"Limekauka mno," akasema taratibu. "Litakuwa limevunjika njiani. Ni kosa langu. Mwalimu aliniambia niliwekee karatasi laini, nikasema nitaweka kesho." Machozi yakamlengalenga, akajichekesha. "Ona mtu mzima analilia jani."

Fundi angeweza kusema hapo. Alisema, "Pole."

Jumapili asubuhi aliaga kwamba anakwenda kutazama vitambaa, akaenda bondeni. Hakuwa amefika huko tangu akiwa msichana. Alifuata mto kwa viatu visivyofaa, akichuma kila jani lenye meno, akilinganisha na lile aliloliharibu, ambalo sasa alilikumbuka kuliko sura ya mama yake. Alirudi na moja alilolichagua kati ya mia, likiwa bado kwenye tawi lake dogo. Jumatatu akampelekea Mama Pacha kwenye kigoda.

"Tazama. Nadhani nimelipata lako."

Mama Pacha alilipokea kwa mshangao, akaligeuza, akalielekeza kwenye mwanga. Halafu, kwa upole kabisa, akalishika lile tawi dogo na kumsogezea. "Siyo hili, mwenzangu. Ona hapa. Haya yamekaa mawili mawili, yanatazamana. Yale ya tawi letu yalikuwa yanapishana, moja huku, moja kule. Na meno haya yote yanalingana. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nachanganya. Utazoea."

Ni ule upole uliomvunja. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea huyu.

"Nililivunja mimi," Fundi akasema.

"Lilianguka?"

"Halikuanguka. Nililifinya mkononi mpaka likawa unga."

Mama Pacha alilitua tawi mapajani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi simo humo."

"Humo wapi?"

"Daftarini. Nimesoma lote. Simo."

"Ni daftari la *majani*," Mama Pacha akasema polepole, kama anayemweleza mtoto. Akairudisha sindano ndani ya kopo, akafunga kifuniko, akaondoka. Shati alilokuwa analishughulikia lilikuwa na vifungo vitatu tu.

Siku zilizofuata alipita mbele ya kibaraza akiwa ametazama mbele. "Habari za jioni" alitoa, maana alikuwa na adabu zake, lakini alizitoa kwa jumla, kama mtu anayesalimia kituo cha polisi. Fundi alishona vifungo peke yake. Kigoda cha pili hakukiondoa, ingawa alipita akijigonga nacho.

Jumapili, badala ya kukaa akijila, alirudi bondeni. Alijiambia anakwenda kulipa: autafute mti, alete jani, basi. Aliamua kwenda juu zaidi, kule wenzake hawakufika kwa sababu ya kichaka. Mara ya kwanza alichoona ni ukijani mtupu. Mara ya pili akaanza kutenganisha, kama anavyotenganisha nyuzi ambazo kwa mteja zote ni nyeupe. Huu una ngozi ya kubanduka. Ule majani yake yana vinyweleo upande wa chini, kama mahameli. Aligundua kwamba alikuwa ametembea saa nzima bila kumfikiria Mwalimu, akakasirika kwa kulikumbuka jina.

Na huyo Mwalimu, kama ameitwa, alikuwa ameketi juu ya jiwe kwenye kona ya mto, kofia mapajani.

"Fundi," akasema. "Karibu ukae."

"Amekwambia."

"Ameniambia. Nilikasirika siku mbili." Alimsogezea nafasi. Fundi akajikaza, akakaa. Maji yalikuwa yanapita chini yao, yana rangi ya chai. Mwalimu akasema, "Nimehamishwa shule saba. Kila mahali naanza upya na watu. Sasa nampata huyu, na safari nzima ni Fundi kasema hivi, Fundi alicheka hivi, Fundi angekuwepo angetuambia kofia yangu hii imekatwa vibaya. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka naona aibu. Mtu wa miaka kumi na tisa! Mimi sina hata wa mitano."

Roho ilimtulia Fundi kwa furaha ambayo haikuwa nzuri sana: kwa hiyo aliyekuwa akihesabu si yeye peke yake. Aliitazama kofia. "Kweli imekatwa vibaya," akasema. Mwalimu akacheka, wakakaa kidogo bila neno, na ajabu ni kwamba haikuwa vibaya.

Jumapili ya nne aliupata mti. Ulikuwa umesimama peke yake nyuma ya tanuru bovu la matofali, si mrefu, mizizi imening'inia nje ya ukingo uliomomonyolewa. Alishika jani kwa vidole viwili. Mawili madogo, moja kubwa. Mawili madogo, moja kubwa. Na yalikuwa yanapishana. Akaketi chini pale pale kwenye majani makavu.

Hapo wivu ukamwonyesha uso wake mwingine. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu ambacho Mama Pacha hana. Hakuchuma hata jani moja. Alirudi nyumbani akapika, akashona, akamtazama Mama Pacha akipita, na ndani yake akajisemea: mimi naujua, wewe huujui. Jumatatu ilikuwa tamu. Jumanne alikwenda tena, akaona una vijiua vidogo vyeupe, vinatazama chini, nyuki wanaviingia kwa mgongo. Alicheka kwa sauti. Akageuka amwambie mtu, na hapakuwa na mtu. Jumatano alimweleza mumewe kuhusu nyuki. Mumewe akasema, "Vizuri," akauliza kama kuna chumvi. Alhamisi utamu wote ulikuwa umekwisha, na Ijumaa alikuwa amebeba habari yake kama mtu aliyebeba chungu cha moto hana pa kukitua.

Jumamosi asubuhi alipiga moyo konde, akagonga mlango wa pili.

"Nimeupata mti," akasema kabla hajasalimia. "Nimekaa nao siku sita bila kukwambia. Makusudi."

Mama Pacha alikuwa ameshika ufagio. "Siku sita?"

"Sita."

"Wewe una roho mbaya, unajua?"

"Najua."

"Bado nimekukasirikia."

"Hilo pia najua. Una maua. Nyuki wanaingia kinyumenyume."

Ufagio ukaanguka. "Una *maua*?" Mama Pacha alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. "Nitaendelea kukasirika tukirudi. Mpigie Mwalimu. Hapana, nitampigia mimi, wewe beba daftari. Na usilifungue!"

Walikwenda wote watatu. Mama Pacha aliuzunguka mti mara mbili, akaukumbatia, kisha akaketi kuandika. Fundi alinyoosha shingo asome. *Mti huu umeonwa na Fundi,* Mama Pacha aliandika, akafikiri kidogo, akaongeza, *ambaye ana wivu.*

"Futa hiyo!"

"Sifuti. Ulitaka uwemo."

Jina la mti Mwalimu hakulipata siku hiyo. Aliandika barua kwa watu waliosoma naye, na hadi alipostaafu majibu yaliyokuja yalikuwa mawili yasiyokubaliana. Mama Pacha hakurudi kibarazani kila siku kama zamani; alikuja siku tatu, wakati mwingine nne, na hasira yake ilichukua muda mrefu kuisha kuliko alivyoahidi. Fundi naye wivu haukumtoka wote. Bado Mwalimu akimshika Mama Pacha bega, au wawili hao wakicheka jambo la shuleni asilolijua, kitu kilimchoma hapa, chini ya mbavu. Alijifunza kukiacha kichome, kwa maana kilikuwa kinapita. Jumamosi zikawa za watu watatu. Alishona kofia mpya ya Mwalimu, akaikata vizuri.

Asubuhi moja walikuwa juu ya mawe, hawafanyi kitu. Fundi alisema maji yamepungua tangu wiki iliyopita. Mama Pacha akasema hayajapungua, ni jiwe limehama. Mwalimu akasema mawe hayahami. "Huyu hajawahi kuniona mimi nikifagia; hata mawe yanahama," Mama Pacha akasema, na wakaanza kubishana, watatu kwa pamoja, mpaka jua likawafikia miguuni.